Bahari sebuleni: Anayeharakisha hula hasara

WAKAZI wengi wa Pwani wamezoea kuona matumbawe mahali pawili: baharini maji yanapokupwa, na kwenye kuta za nyumba za kale zilizojengwa kwa mawe yake. Lakini matumbawe hai, yenye rangi ya zambarau, kijani na waridi, yanaweza pia kukua ndani ya tangi la kioo sebuleni, yakizungukwa na samaki wadogo wa mapambo.

Ufugaji huu hupendeza macho, na kwa anayeujua vyema ni kazi inayoweza kumpa riziki, kwa kuuza samaki na vifaa au kutunza matangi ya hoteli na ofisi. Hata hivyo, ni miongoni mwa fugo zinazomtia hasara haraka zaidi mtu asiye na subira.

Chukua mfano wa mkazi wa Nyali, Mombasa, anayenunua tangi Jumamosi asubuhi. Mchana analijaza maji ya chumvi, jioni anawasha taa, na Jumapili anatia samaki sita na vipande viwili vya matumbawe. Siku tatu za kwanza jirani wanakuja kutazama. Siku ya nne samaki wanahema kwa kasi karibu na uso wa maji. Kufikia Jumamosi ya pili amebaki na samaki mmoja, maji yanayonuka na pesa zilizokwenda bure.

Samaki hao hawakufa kwa ugonjwa. Walikufa kwa sumu iliyotokana na uchafu wao wenyewe, kwa kuwa tangi lilikuwa bado halina bakteria wa kuiondoa.

Bakteria kwanza, samaki baadaye

Kila samaki hutoa amonia kupitia mashavu yake na kinyesi chake. Chakula kinachobaki chini kikioza huongeza amonia hiyo. Baharini sumu hii husambaa katika maji mengi na kupotea, lakini ndani ya tangi la lita 300 haina pa kwenda.

Kinachookoa tangi ni makundi mawili ya bakteria. Kundi la kwanza hubadilisha amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu. Kundi la pili hubadilisha nitriti kuwa nitrati, isiyo na madhara makubwa ikiwa ni kidogo. Nitrati huondolewa kwa kubadilisha sehemu ya maji mara kwa mara.

Bakteria hawa huchukua kati ya wiki nne na sita kuongezeka vya kutosha. Katika muda huo mfugaji hutia chakula kidogo au tone la amonia ili wapate cha kula, huku akipima maji kila baada ya siku chache. Amonia na nitriti zikirudi kwenye sifuri na kubaki hapo hata baada ya kuongeza chakula, ndipo samaki mmoja au wawili wanapoweza kuingia.

Makao ya bakteria hawa ni mawe yenye vitundu vingi. Mwaka 1961, Lee Chin Eng wa Jakarta, Indonesia, alieleza katika jarida moja la wafugaji wa samaki jinsi alivyotunza matumbawe kwa kutumia mawe yaliyotoka baharini yakiwa na viumbe wake, pamoja na viputo vya hewa tu. Wafugaji wa nchi nyingine walijifunza kutokana na njia hiyo.

Siku hizi si lazima kubomoa mwamba ili kupata mawe. Yako mawe makavu yaliyochimbwa nchi kavu na mengine yaliyotengenezwa kiwandani, na bakteria huuzwa katika chupa. Mawe haya huchukua muda mrefu zaidi kukomaa, lakini hayaleti vimelea wala hayaharibu mazalio ya samaki.

Tangi kubwa ni rahisi zaidi

Wanaoanza hudhani tangi dogo ndilo nafuu. Bei yake ni ndogo kweli, lakini katika lita 20 samaki mmoja akifa usiku, asubuhi maji yote yamechafuka. Katika lita 300 kosa lilo hilo huacha nafasi ya kurekebisha.

Tangi lenye urefu wa sentimita 120, upana wa sentimita 50 na kimo cha sentimita 50 hubeba lita 300. Maji pekee ni kilo 300, na ukiongeza kioo na mawe uzito unakaribia kilo 400. Meza ya kawaida haiwezi. Panahitajika stendi madhubuti, iliyosawazishwa kwa pima maji, juu ya sakafu imara na mbali na dirisha linaloingiza jua.

Vifaa vya msingi ni pampu ya kuzungusha maji, pampu mbili ndogo za kutengeneza mawimbi, taa na kichujio cha povu. Kichujio hiki hupuliza viputo vidogo sana ndani ya maji ya chumvi. Uchafu hunata kwenye viputo, hupanda juu kama povu la kahawia na kumwagika katika kikombe kabla haujaoza.

Umeme nao una hesabu yake. Pampu kubwa ikila wati 30, zile mbili za mawimbi wati 10 kila moja na kichujio wati 15, jumla ni wati 65 mchana na usiku, yaani takriban uniti 1.6 kwa siku. Taa za LED za wati 150 zikiwaka saa tisa huongeza uniti 1.35. Kwa mwezi mmoja ni kama uniti 87, kabla ya kupasha maji moto au kuyapoza.

Hapo ndipo Nairobi na Mombasa zinapotofautiana. Matumbawe hupenda nyuzi 25 hadi 27 za Selsiasi. Katika baridi ya Julai jijini Nairobi, hita ya wati 300 ikiwaka nusu ya siku hula uniti 3.6, zaidi ya vifaa vingine vyote kwa pamoja. Mombasa shida ni joto, hasa kati ya Januari na Machi, maji yanapoweza kupita nyuzi 30 ndani ya nyumba. Feni ndogo ikipuliza juu ya maji hushusha nyuzi moja au mbili, lakini hewa ya Pwani ikiwa na unyevu mwingi nguvu yake hupungua, na wengine hulazimika kununua mashine ya kupoza.

Umeme unapokatika, hatari ya kwanza ni kukosekana kwa hewa. Pampu ya hewa inayotumia betri, au betri ya akiba inayoendesha pampu moja ya mawimbi, huokoa tangi zima. Wakati huo samaki wasilishwe. Nairobi, blanketi lililofunikwa juu ya kioo husaidia maji yasipoe haraka.

Maji ya bomba, kisima au bahari

Maji ya bomba huwa na klorini, na huenda yakabeba shaba kutoka kwenye mabomba. Shaba kidogo tu huua kamba, konokono na matumbawe. Maji ya visima vya Pwani mara nyingi ni magumu, na kisima kilicho karibu na choo cha shimo huenda kikawa na nitrati nyingi. Kwa sababu hiyo wafugaji wengi hutumia maji yaliyopitishwa kwenye mtambo wa kuondoa madini, kisha huchanganya chumvi maalumu ya tangi.

Kipimo cha bahari ni gramu 35 za chumvi kwa kila lita. Tangi la lita 300 huhitaji kilo 10 na nusu, au zaidi kidogo kwa kuwa chumvi ya dukani huwa na unyevu. Chumvi ya jikoni haifai. Hata chumvi ya mashamba ya Gongoni na Ngomeni, ijapokuwa imetoka baharini, haifai kwa kazi hii, kwani sehemu kubwa ya magnesiamu na madini mengine hubaki katika maji yanayomwagwa baada ya chumvi kuganda.

Mkazi wa Pwani ana njia nyingine, nayo ni kuteka maji ya bahari. Yanayofaa ni ya mahali pa wazi, maji yakiwa yamejaa, hasa siku za bamvua. Yasitekwe karibu na bandari, hoteli wala mdomo wa mto au mkono wa bahari unaopita mjini. Wakati wa masika yasitekwe kabisa, kwa kuwa mvua hupunguza chumvi na kuleta takataka za bara. Yakifika nyumbani huchujwa kwa kitambaa safi, huwekwa kizani katika mapipa ya plastiki ya chakula kwa wiki moja au mbili, kisha hupimwa kabla ya kutumiwa.

Kosa linalowapata wengi ni la kujazia. Maji hupungua kila siku kwa kuwa hugeuka mvuke, lakini chumvi haiendi popote. Tangi la lita 300 likipoteza lita sita kwa siku, baada ya wiki moja limebaki na lita 258 zenye chumvi ile ile, na kipimo kimepanda kutoka gramu 35 hadi karibu 41 kwa lita. Matumbawe hayawezi kuvumilia. Kwa hiyo maji yaliyopotea hurudishwa kila siku kwa maji baridi yasiyo na chumvi. Maji ya chumvi hutumika tu wakati wa kubadilisha yaliyotolewa kwa ndoo.

Matumbawe huishi kwa mwanga

Tumbawe huonekana kama jiwe au mmea, lakini ni mnyama. Ndani ya mwili wake huishi mwani mdogo usioonekana kwa macho, ambao hutumia mwanga kutengeneza sukari na kumgawia mwenyeji wake. Maji yakizidi joto, tumbawe huutapika mwani huo na kubaki jeupe. Lisipoupata tena hufa njaa.

Ndivyo ilivyotokea mwaka 1998, joto la bahari lilipoua sehemu kubwa ya matumbawe ya magharibi mwa Bahari ya Hindi, pamoja na yale ya Kenya na Tanzania. Aprili 2024 wanasayansi walitangaza kwamba dunia imeingia tena katika kipindi cha matumbawe kupauka katika bahari zote kubwa, cha nne kuwahi kurekodiwa. Ndani ya tangi msiba huo huo hutokea kwa siku chache hita ikiharibika na kubaki ikiwaka.

Taa ziwashwe saa nane hadi kumi kwa siku, zikianza na mwanga hafifu unaoongezwa polepole kwa wiki kadhaa. Anayeanza achague matumbawe laini, ambayo huvumilia makosa. Yale yanayojenga mifupa ya mawe yasubiri hadi tangi lifikishe miezi sita au zaidi.

Matumbawe ya mawe hula kalsiamu kutoka kwenye maji. Kiwango kinachofaa ni miligramu 400 hadi 450 kwa lita, magnesiamu 1,250 hadi 1,350, na alkali digrii 8 hadi 9 za kipimo cha Kijerumani kinachotumiwa na wafugaji. Muhimu kuliko tarakimu hizo ni kwamba zisipande na kushuka ovyo. Matumbawe yakiwa machache, kubadilisha maji hurudisha madini hayo. Yakiongezeka, wengine hutumia maji ya chokaa safi ya kiwango cha chakula, yanayodondoshwa tone kwa tone usiku.

Mababu wa Pwani walichoma matumbawe kupata chokaa ya kujengea. Mfugaji wa leo hutumia chokaa kulijenga tumbawe, lakini ile ya dukani ya kujengea isitiwe kamwe, kwa kuwa ina uchafu.

Samaki wa kuanzia

Samaki anayefaa zaidi kuanza naye ni yule mdogo wa rangi ya chungwa mwenye mikanda myeupe, aliyepata umaarufu kwa filamu ya Finding Nemo ya mwaka 2003. Huzaliwa na kukuzwa kwenye matangi, hivyo hana haja ya kunaswa baharini, na amezoea chakula cha kopo.

Kangaja hupendeza, lakini huhitaji nafasi ndefu ya kuogelea na hushikwa upesi na ugonjwa wa madoa meupe. Kikande hula konokono na kamba wanaosafisha tangi. Wengi wa samaki aina ya kipepeo hudonoa matumbawe yenyewe. Mkunga na bunju wasifikiriwe katika tangi la aina hii.

Kila samaki mpya akae katika tangi la karantini kwa wiki nne. Dawa ya shaba inayotibu madoa meupe hutumika humo tu, maana ikiingia tangi kuu itaua kila kiumbe kisicho na uti wa mgongo. Walishwe mara moja au mbili kwa siku, kiasi wanachokimaliza kwa dakika mbili.

Usalama wa binadamu pia uangaliwe. Baadhi ya matumbawe laini yanayofanana na vifungo vya nguo yana sumu kali iitwayo palitoksini. Yashikwe kwa glavu, na mawe yenye viumbe hao yasichemshwe wala kusuguliwa kwa brashi yakiwa makavu, kwani mvuke na vumbi lake vimewahi kupeleka familia nzima hospitalini. Nyaya za umeme ziinamishwe chini ya soketi ili maji yanayotiririka yadondoke sakafuni, na soketi ziwe na swichi inayokata umeme unapovuja.

Sheria na mvuvi

Kenya imeuza nje samaki wa mapambo wa baharini kwa miongo kadhaa. Wapiga mbizi huwanasa kwa nyavu za mkono, mmoja mmoja, na kazi hiyo huhitaji leseni ya uvuvi. Katika hifadhi za Malindi, Watamu, Mombasa na Kisite, zinazosimamiwa na Shirika la Wanyamapori (KWS), hairuhusiwi kuchukua chochote.

Matumbawe ya mawe, makombe makubwa ya jamii ya tridakna na farasi wa baharini wamo katika mkataba wa kimataifa wa CITES, na hawavuki mipaka bila kibali. Mnunuzi anayeuliza karatasi hizo hujilinda yeye mwenyewe na pia humlinda mvuvi mwenye leseni dhidi ya walanguzi. Aulize pia samaki alinaswa vipi. Katika nchi kadhaa za Asia ya Kusini-Mashariki sianidi imetumika kuwapumbaza samaki. Sumu hiyo huua matumbawe yaliyo karibu, na samaki mwenyewe huweza kufa wiki chache baada ya kununuliwa.

Kuna mvutano hapa usiofichika. Samaki wa kuzalishwa hupunguza mzigo wa bahari, lakini kila anayeuzwa huenda akapunguza kipato cha mpiga mbizi. Ndiyo sababu wanaofikiria biashara hii Pwani wanapaswa kuitazama kama kazi ambayo wavuvi wenyewe wanaweza kuingia. Samaki wa Nemo hutaga kwenye jiwe, dume hulinda mayai, na vifaranga huanguliwa baada ya wiki moja au siku kumi hivi. Kazi ngumu ni kuwakuzia chakula kidogo cha kutosha midomo yao. Matumbawe nayo hukatwa vipande, hugandishwa kwenye kijiwe na kukua upya. Kabla ya kuuza hata kipande kimoja, afisa wa uvuvi aulizwe kuhusu leseni.

Aliyechoka na tangi asimwage viumbe baharini. Simba-samaki mwenye miiba ya sumu, mwenyeji wa Bahari ya Hindi na Pasifiki, alionekana Florida, Marekani, mwaka 1985, na inaaminika walitoka kwenye matangi ya watu. Tangu hapo wameenea Karibi yote wakila samaki wachanga wa huko.

Ratiba ya mtunzaji

Kila siku: kuangalia joto, kuhesabu samaki, kujazia maji yasiyo na chumvi.

Kila wiki: kupima chumvi, alkali na nitrati, kufuta kioo, kumwaga kikombe cha povu na kubadilisha asilimia 10 ya maji, yaani lita 30 kwa tangi la lita 300.

Kila mwezi: kupima kalsiamu na magnesiamu, kusafisha pampu na kukagua nyaya.

Yule mkazi wa Nyali, akianza upya, Jumamosi ya kwanza angeweka mawe, mchanga na maji tu. Wiki sita angekuwa na tangi lisilo na samaki hata mmoja, na jirani wangemcheka. Wiki ya saba angetia samaki wawili wadogo, mwezi wa tatu tumbawe laini moja, na mwaka ukiisha angekuwa anakata vipande vya kumgawia mwenzake. Gharama ya vifaa ni ile ile aliyoitoa mara ya kwanza, ila safari hii haendi dukani kununua samaki wa kuziba pengo la waliokufa.